Mguu Umekaza Kama Ubao? Si Jini Bana, Cheki Venye Misuli ya Mtu wa MS Inatulizwa

Pigia picha hii. Ni asubuhi Likoni, geti la feri limefunguliwa na umati unateremka mbio. Wewe uko hapo katikati, na mguu wako wa kushoto umekataa kukunjika. Nyuma wanasukuma, "Songa bro!" Mmoja anasema umelewa. Mtaani nako wameshakata kesi: huyo amerogwa.

Kwa mtu mwenye maltipo sklerosisi, yaani MS, hiyo si sinema. Na ina maelezo.

Iko hivi. Neva ni kama waya za stima zilizovalishwa gamba. Kwenye MS, kinga ya mwili inageuka na kulichuna hilo gamba kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ujumbe wa "tulia" haufiki sawasawa, msuli unabaki umejikaza. Mara nyingi ugonjwa huanza mtu akiwa na miaka 20 hadi 40, na madem hupatwa zaidi.

Sasa tiba? Ya kwanza haiuzwi chemist: kujinyoosha kila siku. Keti, nyoosha mguu, pitisha leso chini ya wayo, vuta, shikilia kama nusu dakika. Siri ni polepole. Msuli huu ukivutwa haraka unazidi kukaza, kwa hivyo ukimsaidia beshte yako usimvute kwa nguvu. Mtu wa fizio atakupangia mazoezi yanayokufaa.

Pili, saka kinachouchokoza. Kibofu kimejaa, maambukizi ya mkojo, choo kigumu, kidonda, hata kiatu kinachobana. Joto letu la Mombasa pia huwasumbua wengi wenye MS, so safari zako zifanye jua likiwa bado poa.

Tatu, vidonge. Baklofeni ndiyo hutumika sana, tizanidini pia. Daktari huanza na dozi ndogo akipandisha pole pole, maana dawa hizi huleta usingizi na zikizidi miguu inalegea. Na kuna watu wanasimama kwa sababu ya huo huo mkazo. Ukiuondoa wote, wanaanguka.

Noma kubwa ni hii: usiache baklofeni ghafla, ati doo imeisha ama unaskia fiti. Unaweza kupata degedege na kuona vitu ambavyo havipo. Rudi kwa daktari kabla vidonge havijaisha.

Msuli mmoja ukizidi ukaidi, kuna sindano ya botox. Ndiyo, ile ile ya maceleb kuficha makunyanzi! Huulegeza kwa miezi kama mitatu.

Na wale wa "vuta kidogo itatulia"? Ni kweli Uingereza iliidhinisha Sativex mwaka 2010, dawa ya kupuliza mdomoni inayotokana na bangi. Lakini hiyo imepimwa dozi na huandikwa na daktari. Rolo ya mtaa si hiyo, na hapa Kenya ni kesi.

Kukaza misuli si lazima iwe MS, kwa hivyo usijipime mwenyewe. Coast General iko hapo ng'ambo tu, na feri ni bure kwa wanaovuka kwa miguu.

Na siku ukimpata msee amekwama kwenye ule mteremko, usimsukume. Mpe bega na nusu dakika. Mguu utafunguka.