Je, Wajua? Dawa ya Sonona kwa Aliyeacha Unga

Je, wajua kwamba fluoksetini, dawa ya sonona, haina stimu? Anayeimeza leo hahisi raha yoyote leo. Nafuu huja taratibu, mara nyingi baada ya wiki 2 hadi 6. Aliyezoea unga (heroini) unaojibu papo hapo hukata tamaa upesi na kuviacha vidonge mezani, kwa hiyo aambiwe mapema, kabla ya kidonge cha kwanza.

Je, wajua kwamba dawa za sonona zina asili katika wodi ya kifua kikuu? Mwaka 1952, katika Hospitali ya Sea View jijini New York, wagonjwa wa TB waliopewa iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa.

Je, wajua kwamba si kila huzuni ya wiki za kwanza baada ya kuacha unga inahitaji kidonge? Nyingine huisha yenyewe ubongo unapotulia, na ndiyo maana daktari huweza kungoja kama mwezi mmoja. Lakini anayetaja kujiua hangojewi hata siku moja. Vivyo hivyo yule aliyekuwa na sonona tangu kabla hajaonja unga: huyo ana maradhi mawili, na yote mawili yatibiwe.

Je, wajua kwamba kukatisha dawa ya sonona ghafla hufanana na arosto, yaani mateso ya kukosa unga? Jasho, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi kupaa, hasira zisizo na sababu, na kitu kama shoti ya umeme kichwani. Hili linaniuma kuliko mengine yote. Vidonge vimeisha tangu Ijumaa, kijana anadhani arosto imemrudia, mama anaona macho mekundu na kuamini mwanawe ameanza tena. Wote wawili wamekosea, na maskani ya unga iko mtaa wa pili. Kumbe dozi ilipaswa kushushwa kidogo kidogo, kwa wiki au hata miezi, chini ya daktari. Paroksetini na venlafaksini ndizo sumbufu zaidi kuziacha. Fluoksetini hukawia kutoka mwilini, kwa hiyo kuiacha huwa na nafuu kidogo.

Je, wajua kwamba methadoni, dawa anayopewa anayeacha unga, huingiliana na dawa nyingine? Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni Februari 2011, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mtoa dawa. Sasa aongezewe fluvoksamini: methadoni inaweza kupanda mwilini hadi kuhatarisha pumzi. Apewe rifampisini ya TB, au karbamazepini: itashuka, na arosto itambana ingawa kikombe ni kilekile. Amitriptilini nayo huongeza usingizi, na kama ilivyo sitalopramu, ikikutana na methadoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kipimo cha umeme wa moyo ni haki ya mgonjwa huyu, aidai. Naye amtajie daktari kila anachomeza, hata kile anachoona aibu kukitaja.

Je, wajua kwamba tramadoli, dawa ya maumivu, na fluoksetini hazipatani? Zikikutana zinaweza kuleta degedege, homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Hapo ni hospitali, usiku huohuo.

Je, wajua kwamba walio chini ya miaka 25 huhitaji jicho la karibu? Tangu 2007 Marekani inataka dawa za sonona ziwe na onyo kwamba fikra za kujiua zinaweza kuongezeka kwa vijana, hasa mwanzoni na kila dozi inapobadilishwa.

Je, wajua kwamba kumeza dawa ya sonona aliyoandika daktari si kurudia ulevi? Katika nyumba za nafuu zinazofuata hatua 12, Zanzibar na kwingineko, mgeni anaweza kuambiwa na wenzake kwamba bado anatumia. Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaoacha pombe ambako hatua hizo zilianzia, ina kijitabu kinachowaonya wanachama wake wasijifanye madaktari wala wasimwambie mwenzao aache dawa aliyoandikiwa.