Jirani akitapisha choo, mtaa mzima huumwa



Mvua ya masika inapoanza kunyesha usiku wa manane, wengi wetu tunajifunika shuka vizuri na kumshukuru Allah kwa neema ya maji. Lakini katika kila mtaa yupo anayeamka, akachukua beleshi, akaenda nyuma ya nyumba na kutoboa shimo la choo. Shimo limejaa tangu Januari, gari la kunyonya majitaka lina gharama, na mvua ni ya bure. Asubuhi maji meusi yanapita uchochoroni, watoto wanayakanyaga pekupeku wakienda madrasa, na hakuna anayeuliza yametoka kwa nani, kwa sababu kila mtu anajua. Sisi wa Dar es Salaam kitendo hiki tumekipa jina lake kabisa: kutapisha choo.

Wiki hii tuzungumze jambo hili bila kuoneana haya. Huenda wewe unachemsha maji, unanawa mikono kwa sabuni, unafunika chakula na choo chako unakipiga deki kila siku. Mashaallah. Lakini jiulize, usafi huo unaishia wapi? Unaishia kwenye ukuta wako. Ng'ambo ya ukuta kuna kisima mnachochota wote, kuna uwanja wanaochezea watoto wako, kuna mama lishe anayeosha sahani kwa maji ya ndoo moja. Kama jirani yako anatapisha, wewe nawe umo.

UGONJWA UNAVYOTEMBEA

Kipindupindu husababishwa na vijidudu vinavyotoka katika kinyesi na matapishi ya mgonjwa na kuingia mwilini kwa mtu mwingine kupitia kinywa, katika maji au chakula. Mtu akishavimeza, dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache au hata siku 5. Na hapa ndipo penye hatari kubwa: wengi wanaovimeza hawaugui kabisa, au wanaharisha kidogo tu wakadhani ni chakula kilicholala. Hata hivyo vijidudu vinaendelea kutoka katika kinyesi chao kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usiseme, "Nyumba ile hakuna mgonjwa, shimo lao halina madhara." Hujui, na wao wenyewe hawajui.

Nchi yetu imeyaona haya. Mwaka 1997 watu zaidi ya 40,000 waliugua kipindupindu Tanzania na zaidi ya 2,000 walifariki, yaani zaidi ya watu 5 katika kila wagonjwa 100. Mlipuko mwingine ulianzia Dar es Salaam Agosti 2015, ukaenea mikoani na kuvuka hadi Zanzibar. Kufikia Aprili 2016 walikuwa wameugua zaidi ya watu 24,000 na kufariki zaidi ya 370.

Sasa linganisha na hili: mgonjwa wa kipindupindu anayepata maji ya kutosha mwilini kwa wakati hupona, na wanaofariki huwa hawafiki 1 katika kila 100. Mgonjwa mahututi asiyetibiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo aliyoanza kuugua. Ukitazama tofauti hiyo utaona kwamba wengi waliokufa walichelewa. Wapo walioanza kuugua usiku wakasubiri kukuche, wapo waliokosa usafiri, na wapo waliofichwa ndani kwa aibu. Matatizo hayo yote matatu dawa yake si hospitali peke yake. Dawa yake ni jirani.

KISA CHA MTAA MMOJA WA LONDON

Ndugu msomaji, ipo mifano mingi karibu, lakini twende kwanza London, Uingereza, mwaka 1854, kwa sababu huko ndiko ilikoonekana wazi jinsi shimo la nyumba moja linavyoweza kuua mtaa.

Usiku wa kuamkia Septemba mwaka huo, kipindupindu kililipuka katika eneo la Soho, kandokando ya barabara iliyoitwa Broad Street. Ndani ya siku chache watu walikufa kwa mamia, na kwa jumla walizidi 600. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kuwa ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu. Daktari mmoja aliyekuwa akiishi si mbali na hapo, John Snow, aliamini unaletwa na maji. Alipita akiuliza waliokufa walikuwa wakichota wapi, akaona wengi walitumia pampu moja ya kisima cha Broad Street. Akawashawishi viongozi wa eneo, na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ile ukaondolewa.

Watu wengi huishia hapo wakisimulia kisa hiki. Lakini yupo mtu wa pili, naye ni Henry Whitehead, kasisi msaidizi kijana wa mtaa ule. Yeye hakukubaliana na Snow. Akaamua kupita nyumba kwa nyumba ili athibitishe kuwa daktari amekosea. Alikuwa akiwafahamu watu kwa majina, akijua nani anaishi chumba gani na nani amehama. Walimfungulia milango, wakamwambia waliyoyaona. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyozidi kuona kuwa Snow alikuwa sahihi.

Katika kuuliza kwake akagundua kwamba nyumba namba 40, iliyokuwa jirani kabisa na pampu, alikuwako mtoto mchanga aliyeharisha kabla ya watu wengine kuanza kuugua, kisha akafariki. Mama yake alikuwa akifua nepi na kumwaga maji yake kwenye shimo la majitaka mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalikutwa yameoza, na kutoka hapo hadi kisimani hapakufika hata mita 1. Majitaka yalikuwa yakivujia moja kwa moja kwenye maji ya kunywa ya mtaa.

Tena siku ileile mkono wa pampu ulipoondolewa, baba wa mtoto yule naye aliugua, na maji yake machafu yakamwagwa shimoni humo humo. Lau pampu ingekuwa bado inafanya kazi, mtaa ungeanza kufa upya.

Tunajifunza nini? Kwanza, mama yule hakuwa adui wa mtu. Alikuwa mzazi aliyefiwa, hakujua kinachoendelea chini ya miguu yake. Pili, darubini hazikugundua chanzo. Kiligunduliwa na mtu aliyewajua majirani zake vizuri kiasi cha kuambiwa ukweli. Je, wewe mtaani kwako unaweza kupita nyumba kwa nyumba ukafunguliwa?

HAKI YA JIRANI

Kwetu sisi Waislamu haki ya jirani si jambo la kukumbushwa na bwana afya. Tumefundishwa kuwa Jibril alimhimiza Mtume (s.a.w.) juu ya jirani mpaka Mtume akadhani jirani atapewa fungu katika mirathi. Na tumekatazwa kujisaidia kwenye njia wanazopita watu, penye kivuli wanapopumzika na penye maji wanapochota. Anayetoboa shimo lake usiku wa mvua amepeleka najisi njiani na kwenye maji kwa mkupuo mmoja. Kisha anatawadha na kusimama safu ya mbele. Tumwambie ukweli, lakini tumwambie kwa siri na kwa heshima, maana naye ni jirani na ana haki zake.

KIKAO KABLA YA MAWINGU

Mara nyingi anayetapisha choo hafanyi hivyo kwa ubaya wa moyo. Nyumba ina vyumba 6, wapangaji wako 20, choo ni kimoja, mwenye nyumba anasema wapangaji walipe, na wapangaji wanasema choo ni mali ya mwenye nyumba. Wakivutana namna hiyo mvua inafika.

Kwa hiyo msisubiri Machi. Januari au Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, nyumba 10 zikae kikao. Hata barazani baada ya Isha inatosha. Hesabuni mashimo yaliyokaribia kujaa. Mwenye nyumba na wapangaji wakubaliane pale pale, mbele ya wazee, nani anatoa kiasi gani. Nyumba zilizo jirani ziite gari pamoja na kugawana gharama. Pale ambapo gari halipiti, wapo wanaofanya kazi hiyo kwa pampu ya mkono na kubeba majitaka kwa pikipiki ya magurudumu matatu hadi kwenye mabwawa yaliyoruhusiwa. Na kama yupo mjane au mzee asiye na uwezo, mchangieni. Mnachangia harusi na misiba, changieni na choo chake, kwa sababu kikifurika hakitaishia kwake.

Yule ambaye ana uwezo na hataki, amwendee mzee mmoja anayemheshimu, si umati. Akikataa, aambiwe mjumbe, kisha serikali ya mtaa na bwana afya. Sheria zipo na faini zipo, lakini ziwe hatua ya mwisho.

Kuhusu visima, ushauri wa kawaida ni kwamba kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye choo. Kwa viwanja vyetu vilivyobanana, wengi hatuna nafasi hiyo. Basi maji ya visima hivyo vifupi yahesabiwe kuwa si salama kunywa mpaka yachemshwe yatokote barabara, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti. Baada ya hapo yawekwe kwenye dumu au ndoo yenye koki. Mtungi wa madrasa unaochotwa kwa kata moja na mikono 50 ya watoto uondolewe leo.

USIKU MGONJWA AKIANZA

Dalili ni kuharisha majimaji mengi yanayofanana na maji yaliyooshewa mchele, mara nyingi na kutapika. Macho hudidimia, miguu hukaza misuli, ngozi ukiifinya hukawia kurudi. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Hapo hakuna kusubiri adhana ya Alfajiri.

Mpe dawa ya maji na chumvi, maarufu kama ORS, pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi. Kama hakuna pakiti, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, vijiko viwe vimesawazishwa juu, visifurike. Anywe kidogo kidogo mfululizo, na akitapika msubiri dakika 10 uendelee. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Huku akinywa, apelekwe kituo cha afya. Kinyesi na matapishi vitiwe maji ya klorini na kumwagwa chooni, kamwe visimwagwe mtaroni.

Mtaa uliojipanga unajua mapema mwenye bajaji ni nani, namba yake ya simu ni ipi, na kwamba usiku wa maradhi hatadai nauli kabla ya safari. Unajua nyumba gani ina pakiti za ORS za akiba. Unajua bibi yupi anaishi peke yake na nani atamgongea mlango asubuhi. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya mlango wa kila nyumba.

Na akirudi mgonjwa kutoka kambini, asinyooshewe kidole. Mkimcheka yeye, wa kesho atajificha, na anayejificha ndiye anayekufa.

TUSIAMBUKIZANE MSIBANI

Likitokea la kutokea, msiba wenyewe unaweza kuzaa mlipuko mwingine. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu bado una vijidudu. Haki yake ya kuoshwa na kukafiniwa ipo pale pale, lakini mwiteni bwana afya aelekeze, waoshaji wawe wachache, wavae glavu, na watumie dawa ya klorini. Walioosha wasishike kabisa chakula cha msibani. Wageni wote wanawe kwa maji yanayotiririka na sabuni, si kwa beseni moja linalozungushwa kutoka kwa mtu wa kwanza hadi wa mwisho.

Ndugu msomaji, kabla hujaliweka gazeti hili chini, fikiria nyumba iliyo nyuma ya yako. Unalijua jina la mwenyewe? Una namba yake ya simu? Unajua shimo lake limefika wapi? Kama majibu ni hapana, leo baada ya Maghrib pita umsalimie. Anza na salamu, choo kitafuata.

Wabillahi tawfiq.