Paka mwenye kisukari hapimiwi dawa kwa kipimo cha binadamu

Wakazi wengi wa Misikhu na vijiji vilivyo kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale hufuga paka kwa sababu moja kubwa, nayo ni mahindi. Magunia yakishaingia ghalani, panya nao hawakawii kufika, na paka hodari huokoa chakula kingi kabla ya msimu kwisha. Katika miji ya Bungoma na Kitale, paka ana maisha mengine. Hulala kitini, hula makombo ya mezani, huhasiwa ili asizurure, na pole pole hunenepa. Huyu wa pili ndiye aliye katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa ambao watu wengi hudhani ni wa binadamu pekee, yaani kisukari.

Mimi ni daktari wa watu wala si wa mifugo. Hata hivyo swali la paka mwenye kisukari hunifikia, na sababu yake si ngumu kuiona. Siku hizi nyumba nyingi zina mgonjwa wa kisukari. Humo ndani mna insulini, mna sindano, na mna mashine ya kupimia sukari. Paka naye akiambiwa anaugua, mwenye nyumba hujiuliza: kwa nini nisimchome kidogo ile dawa ya nyanya? Jibu la swali hilo, msomaji, laweza kuamua kama paka huyo ataiona asubuhi au hataiona.

Ugonjwa wenyewe

Mwili wa paka, kama wako na wangu, hutumia sukari iliyomo katika damu kwa msaada wa insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ikipungua, au mwili ukikosa kuitii, sukari hurundikana katika damu na kumwagika katika mkojo. Mkojo wenye sukari huvuta maji mengi, kwa hiyo mgonjwa hukojoa sana na kushikwa na kiu. Kwa kuwa sukari haiingii katika misuli, mwili huona njaa ilhali chakula kipo.

Kisukari cha paka wengi hufanana na kile kinachowapata watu wazima walionenepa. Huwapata zaidi paka wa makamo na wazee, madume waliohasiwa, na wasiotembea sana. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo paka hupewa kwa ajili ya mzio au ugonjwa wa ngozi, pia zinaweza kuuamsha. Ikiwa paka wako amewahi kutumia dawa hizo, mwambie daktari wake.

Dalili za kuangalia ni hizi: bakuli la maji linakauka upesi kuliko zamani, mchanga au udongo anaokojolea umelowa mno, anakula kwa pupa huku akikonda, manyoya yamefifia. Baadhi ya paka, ugonjwa ukikaa muda mrefu bila kutibiwa, huanza kukanyaga kwa visigino vya miguu ya nyuma badala ya kutembea kwa vidole kama ilivyo kawaida yao, kwa kuwa mishipa ya fahamu imedhurika.

Kipimo kimoja hakitoshi

Ukimpima paka sukari mara moja tu unaweza kudanganyika. Paka aliyefungiwa katika katoni, akapakiwa katika matatu na kushikwa na watu asiowajua, hupandisha sukari kwa hofu tu, pengine kupita milimoli 15 kwa lita, ingawa kisukari hana. Ndiyo maana daktari wa mifugo hupima pia mkojo, na panapowezekana hupima damu kwa njia inayoonyesha hali ya sukari katika majuma machache yaliyopita. Mashine ya nyumbani iliyotengenezwa kwa ajili ya damu ya binadamu mara nyingi husoma chini ya kiwango halisi ikitumiwa kwa paka. Inaweza kukusaidia kuona kama sukari inapanda au inashuka, lakini isiwe hakimu wa pekee.

Hatari ya dozi

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mtu mzima anayeanzishiwa insulini ya kufanya kazi kutwa nzima mara nyingi huanza na yuniti 10 hivi. Paka wa kilo 4 kwa kawaida huanza na yuniti 1 tu, au chini ya hapo, kila baada ya saa 12. Anayemchoma paka yuniti 10 kwa kudhani kwamba ni kidogo huenda akamwua.

Kuna mtego wa pili. Insulini za binadamu zinazouzwa katika maduka yetu ya dawa huwa na yuniti 100 katika kila mililita. Baadhi ya insulini zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama zina yuniti 40 katika mililita, nazo zina sindano zake. Ukivuta insulini ya 100 kwa sindano ya 40, ukaona mstari wa 1, kwa kweli umevuta yuniti 2 na nusu. Kwa hiyo soma maandishi ya kichupa, soma na ya sindano, uhakikishe kwamba nambari hizo mbili zinalingana kabla ya kuvuta chochote.

Mtego wa tatu ni aina ya dawa. Ni kweli kwamba baadhi ya insulini za binadamu, hasa ile iitwayo glajini, hutumiwa na madaktari wa mifugo kuwatibu paka. Lakini insulini hazifanani. Ile ya kuchanganywa ambayo mzee wako huchoma asubuhi na jioni haimfai paka, kwa kuwa mwili wa paka huimaliza nyingi ya dawa hizo upesi kuliko mwili wa mtu. Vidonge vya nyanya pia visitolewe kwa paka. Marekani iliidhinisha dawa ya kumeza kwa paka wenye kisukari mwaka 2022 na nyingine mwaka 2023, lakini hizo ni dawa tofauti kabisa, na masharti yake ni makali: hazipewi paka ambaye amekwisha kutibiwa kwa insulini.

Isitoshe, kichupa cha mgonjwa wa nyumbani kimehesabiwa siku zake. Kila tone linalokwenda kwa paka ni tone linalopungua kwa mtu. Na sindano iliyotumiwa kwa mnyama isiguse kabisa kichupa cha binadamu.

Namna ya kumchoma

Mlishe kwanza. Akiwa anakula, shika ngozi iliyolegea ubavuni au mabegani, iinue ifanye hema dogo, kisha uchome chini ya ngozi. Sindano hizi ni nyembamba mno, na paka wengi hata hawageuki. Chagua saa mbili ambazo zinaweza kufuatwa kila siku, mathalani saa moja asubuhi na saa moja jioni, na mtu mmoja awe na daftari. Aandike saa, dozi, na kama paka alikula. Watu wawili wakichoma bila kuambiana, dozi huwa maradufu.

Paka akikataa kula au akitapika, usichome kama kawaida. Mpigie daktari wake kwanza. Na kama huna hakika umechoma au dawa imemwagika katika manyoya, usirudie. Kukosa dozi moja mara chache huleta madhara makubwa, lakini dozi mbili kwa mkupuo zinaweza kuua.

Sukari ikishuka kupita kiasi

Dalili ni kuyumba, udhaifu wa ghafla, kutazama kama asiyekuona, kisha degedege na kuzirai. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe chakula chake mara moja. Akiwa hajiwezi, mpake asali au maji mazito ya sukari katika ufizi kwa kidole. Usimmiminie kitu kinywani, kwani kitaingia mapafuni. Akiwa katika degedege usitie kidole katikati ya meno. Baada ya hapo mpeleke kwa daktari hata kama ameamka, maana insulini bado inafanya kazi mwilini.

Hatari ya upande wa pili hutokea pale ambapo matibabu hayapo au hayatoshi. Paka huacha kula, hutapika, hulala bila nguvu, na pumzi yake huweza kunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo ni sumu ya ketoni. Haitibiwi nyumbani, wala haingojei kesho.

Chakula

Paka ni mla nyama. Ugali uliolowekwa katika maziwa humshibisha, lakini ni wanga mtupu juu ya sukari ya maziwa. Anayeugua kisukari anafaa kulishwa nyama, mayai yaliyopikwa, omena waliochemshwa bila chumvi, au chakula cha paka cha kopo chenye wanga kidogo. Vile vya kukauka vinavyofanana na biskuti mara nyingi huwa na wanga mwingi. Usimpe samaki peke yake mwezi baada ya mwezi, kwani hukosa virutubisho vingine.

Angalia mambo mawili. Kwanza, usibadilishe chakula ghafla ukiwa tayari unamchoma insulini bila kumwarifu daktari. Wanga ukipungua, sukari hushuka, na dozi ya jana huwa kubwa mno leo. Pili, usimshindishe njaa ili akonde. Paka mnene akikaa bila kula siku chache, mafuta huvamia ini lake, na ugonjwa huo unaweza kumwua kabla ya kisukari.

Kuhifadhi dawa

Insulini huwekwa katika friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda, itupe. Ambaye hana friji, au ambaye umeme humpotea mara kwa mara, anaweza kuweka kichupa ndani ya mfuko mkavu katika chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga uliolowa, kivulini. Ajue tu kwamba dawa iliyo nje ya friji hudumu muda mfupi zaidi, na afuate siku zilizoandikwa. Sindano zilizotumika zitiwe katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kisha zipelekwe hospitalini zikachomwe pamoja na nyingine. Zisitupwe jalalani ambako watoto huokota.

Kwako wewe mwuguzaji, ukijidunga kwa bahati mbaya yuniti moja ya paka hutadhurika. Oga mkono kwa sabuni, ule chakula. Lakini paka akikung'ata, osha kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, uende hospitalini siku hiyo hiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukiambukiza.

Je, hupona?

Kuna habari njema. Paka aliyegunduliwa mapema, akapata insulini sawasawa na chakula cha wanga kidogo, huweza kufika mahali asihitaji sindano tena, mara nyingi katika miezi ya mwanzo. Lakini hiyo nayo ndiyo sababu ya kuonana na daktari mara kwa mara: kongosho likianza kuamka, dozi iliyomfaa mwezi uliopita sasa ni hatari. Kabla ya kuanza, jiulize nani atamchoma ukisafiri, na kama mfuko unaruhusu. Yaseme hayo wazi kwa daktari wa mifugo, awe wa ofisi ya kaunti au wa kliniki yake. Wengi wao huwatibu ng'ombe zaidi kuliko paka, basi chukua daftari lako uende nalo.

Mwisho, dalili hizi za kiu, mkojo mwingi na kukonda huku mtu anakula si za paka tu. Mtoto wako akizionyesha, akaanza kutapika na kupumua kwa nguvu, usikubali aondoke hospitalini na dawa ya malaria pekee. Omba apimwe sukari. Ni tone moja tu la damu, na jibu hupatikana papo hapo.