Kipande: Safari Ndefu ya Wapemba wa Kenya Kutafuta Uraia

Kila mwaka ifikapo miezi ya kuandikisha watoto kwa mitihani ya skuli, hapa pwani hukosi wanafunzi wanaoulizwa cheti cha kuzaliwa na hawana. Mara nyingi si uvivu wa mzazi. Mzazi mwenyewe hana kipande, na asiye na kipande hupata taabu kumwandikishia mwanawe cheti. Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili, kwa kuwa wengi hulizungumza barazani lakini wachache huijua sheria yenyewe. Tutachukua mfano wa Wapemba wa Kenya, ndugu zetu tunaosimama nao safu moja msikitini.

Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakija pwani hii kwenda dago tangu zama za babu zetu. Walipiga kambi Vanga, Shimoni na Gazi, wengine wakapanda hadi Watamu na Mayungu. Wako waliorudi upepo ulipogeuka, na wako waliooa wakabaki. Hakuna aliyewauliza karatasi. Ukanda wa maili 10 wa pwani hii, kwa sheria, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha kwa mkataba. Kwa hiyo aliyetoka Wete kuja Vanga alitoka nchi ya Sultani akaingia nchi ya Sultani. Mwezi wa Oktoba 1963 yakafanywa makubaliano ya kuutia ukanda huo ndani ya Kenya, na tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikawa huru. Mvuvi hakuhama kibanda chake, lakini mpaka ulimpita.

Katiba ya uhuru ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya. Aliyezaliwa Kenya lakini wazazi wake wote wawili walizaliwa kwengine alipewa miaka miwili kuomba kusajiliwa, yaani hadi Desemba 1965. Kwa mvuvi asiyesoma Kiingereza, na nusu ya mwaka yuko baharini, tarehe hiyo ilipita kama tarehe nyingine yoyote. Mlango ukafungwa, na wajukuu wakazaliwa nje ya mlango.

Tuseme wazi maana ya kukosa kipande, kwa kuwa kijana wa miaka 15 huenda haoni uzito wake. Bila kipande huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, basi hata M-Pesa hutumia ya jirani. Huwezi kufungua akaunti ya benki. Leseni ya uvuvi ni shida, na mvuvi asiye na leseni humkimbia askari hata akiwa hajafanya kosa jengine. Shamba ulilonunua kwa jasho lako huandikwa jina la rafiki. Rafiki akifa, warithi wake hawakujui. Pasi ya kusafiria hakuna, na bila pasi hakuna Hija, hata kama nauli unayo.

Baada ya Katiba mpya ya mwaka 2010, Bunge lilipitisha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Sheria hiyo kwa mara ya kwanza iliwakumbuka watu wasio na nchi. Ilisema kwamba aliyehamia Kenya kabla ya tarehe 12 Desemba 1963, akaishi mfululizo tangu hapo, na hakuwa na pasi wala kitambulisho cha nchi nyingine, anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia. Watoto wake pia walipewa kifungu chao. Muda uliowekwa ulikuwa miaka 5, na nyongeza ya miaka 3. Ulimalizika mwaka 2019.

Kwenye karatasi ni rehema kubwa. Kwa vitendo ilikuwa ngumu, na ugumu mkubwa ni ile tarehe. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Aliyekimbia damu ile akavuka hadi Shimoni alichelewa kwa mwezi mmoja tu, na kwa hesabu ya sheria hakuhesabiwa pamoja na jirani yake aliyekuja kuvua Novemba. Kisha kuna "mfululizo". Mtu wa dago ataleta ushahidi gani kwamba hakuondoka, naye alikuja bila muhuri na aliishi bila risiti? Na aliyewahi kwenda Pemba kumzika mamake, akachukua kitambulisho cha kule ili asisumbuliwe njiani, alijifungia mlango bila kujua.

Hapa watu huchanganya mambo. Waliovuka Januari 2001, baada ya watu kuuawa kule Pemba kufuatia uchaguzi, walikuwa wakimbizi. Walikuwa zaidi ya 2,000, na njia yao kisheria ni nyingine kabisa. Kuwaita Wapemba wote "wakimbizi" ni kumnyang'anya babu aliyekuja na ngalawa haki yake.

Jambo lilisogea kwa miguu ya watu. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari ya kwenda Nairobi kudai uraia, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Wapemba wakawa wanatazama. Zamu yao ilifika Desemba 2022, Rais William Ruto alipotangaza kwamba watatambuliwa, na Julai 2023 hati zilitolewa huko Kilifi. Wazee walioishi hapa zaidi ya miaka 50 walishika kipande kwa mara ya kwanza. Alhamdulillah.

Lakini kazi haijesha, na hili tunawaomba wazazi walisome mara mbili. Ibara ya 14 ya Katiba inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa babake au mamake alikuwa raia. Angalieni neno "siku". Mtoto aliyezaliwa baada ya mzazi kusajiliwa ni raia kwa kuzaliwa. Kakake aliyemtangulia hapati haki hiyo kwa ibara hiyo. Yeye huhitaji kusajiliwa. Nyumba moja, sahani moja, hukumu mbili. Basi msidhani kipande cha baba kimewafunika wote.

Wapo pia akina mama waliotoka Pemba au Tanga wakaolewa na raia wa Kenya. Watoto wao ni raia kwa upande wa baba. Mama mwenyewe anaweza kuomba baada ya miaka 7 ya ndoa. Nikahi yetu husihi kwa walii, mashahidi na ijabu na kabuli, lakini afisa wa uhamiaji hakuwepo siku ya nikahi. Yeye ataka cheti. Ndoa ngapi hapa kijijini zimekaa miaka 20 bila cheti cha Kadhi? Kiandikisheni sasa, mashahidi wangali hai.

Na majina. Mtoto huandikwa Hamadi kwenye kadi ya kliniki, Hamad kwenye cheti, na skuli mwalimu akaandika Mohamed kwa kuwa ndivyo alivyosikia. Baba ni Bakari hapa na Abubakar pale. Kwetu ni mtu mmoja, ofisini ni watu watatu, na kurekebisha herufi moja huweza kuchukua miezi. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuondolewa kwa kamati za kuhoji watu wa maeneo ya mipakani wanapoomba kitambulisho, lakini tangazo hilo halirekebishi jina lililoandikwa vibaya. Kila mzazi anapokuja kuandikisha mtoto madrasa mwaka huu, aje na cheti cha kuzaliwa, nasi tutaliandika jina kama lilivyo humo, herufi kwa herufi.