Moto Mlimani: Kwa Wanaopanda Kilimanjaro

Vikundi vyetu vya vijana hupenda kupanda Kilimanjaro kati ya Julai na Oktoba, mvua ikiwa imekatika. Lakini hiyo ndiyo miezi ya moto pia. Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, pumziko la wapandaji kati ya Mandara na Horombo. Oktoba 2022 ukawaka karibu na kambi ya Karanga.

Juu ya msitu mkubwa huota miti midogo ya erika, inayowaka upesi hata ikiwa mibichi. Moto hukimbia zaidi unapopanda mteremko. Kwa hiyo ukiuona chini yako, usidhani utaushinda mbio kwa kupanda juu. Mfuate mwongoza njia, mwelekee pembeni, penye mawe matupu au palipokwisha kuungua.

Kuwasha kuni kumekatazwa hifadhini, ila kipande cha sigara chatosha kabisa. Na hasara haiishii huko juu. Erika hunasa maji ya ukungu na kuyadondosha ardhini. Tangu 1976 moto umeteketeza sehemu kubwa ya misitu hiyo, na maji yaliyopotea yangeshukia chemchemi na mifereji inayonywesha migomba ya Wachagga.