Chunusi: Ngozi Hulishwa kwa Chakula, Si kwa Mkorogo

Vijana wengi hupata chunusi wanapobalehe. Huota usoni, kifuani na mgongoni. Baadhi ya watu husema chunusi ni uchafu. Wengine husema ni hamu ya kuoa au kuolewa. Maneno hayo si ya kweli. Humfanya kijana aone haya, na kwa haya hiyo hununua mkorogo. Hapo hatari huanza.

Chunusi hutokana na nini?

Ndani ya ngozi mna vifuko vidogo vinavyotoa mafuta. Mafuta hayo huilainisha ngozi. Kijana anapobalehe, mafuta huongezeka. Tundu la ngozi likiziba, mafuta hubaki ndani na vijidudu huzaliana humo. Ngozi huvimba, na pengine hutunga usaha.

Chakula kinahusika vipi?

Chakula peke yake hakileti chunusi. Lakini kinaweza kuzizidisha au kuzipunguza. Sukari na unga mweupe wa ngano huingia upesi katika damu. Mwili hujibu kwa kutoa homoni ya kuishusha sukari. Homoni hiyo ikizidi, huchochea vifuko vya mafuta. Kijana anayeshinda kwa soda na mandazi huichochea kila siku.

Mwaka 2002 wataalamu walitoa taarifa ya kisiwa cha Kitava, katika nchi ya Papua New Guinea. Walitazama ngozi za watu 1,200. Hawakuona hata mmoja mwenye chunusi. Watu hao walikula viazi, matunda, samaki na nazi. Huenda na asili yao iliwasaidia. Lakini mwaka 2007, huko Australia, vijana 43 wenye chunusi walijaribiwa kwa wiki 12. Waliopunguza vyakula vya sukari walipata nafuu kuliko wenzao.

Sisi tule nini?

Vyakula vizuri tunavyo hapa Kalangalala na vijijini. Tuna viazi vitamu na michembe. Tuna maharage, karanga na dagaa wa Ziwa Victoria. Tuna mchicha, majani ya kunde, mapapai na maembe.

Ugali ni chakula chetu, lakini usiliwe mtupu. Mtu anayekula ugali wa mahindi bila kitoweo kwa muda mrefu aweza kupata ugonjwa wa pelagra. Ngozi ya shingo na mikono, inapopigwa na jua, huwa nyeusi na kubambuka. Hiyo si chunusi. Ni njaa ya ngozi.

Hatari ya mkorogo

Baadhi ya mikorogo ina zebaki. Wachimbaji wa dhahabu wa Geita wanaifahamu zebaki. Ndiyo inayokamata dhahabu. Ikipakwa mwilini hupenya ngozi na kudhuru figo. Mama mjamzito akiipaka, humdhuru na mtoto aliye tumboni. Mikorogo mingine ina dawa kali ambazo zenyewe huleta chunusi. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, lakini bado huuzwa kwa siri.

Fanya haya:

1. Punguza soda, mandazi na sukari katika chai.
2. Kula mboga za majani kila siku, na matunda yanapopatikana.
3. Ugali uwe na dagaa, maharage au karanga.
4. Nawa uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni ya kawaida. Usisugue kwa nguvu.
5. Usikamue chunusi. Huacha makovu.
6. Chunusi zikiwa kubwa, zenye maumivu, nenda zahanati.

Usitazamie nafuu kesho. Ngozi hubadilika polepole, kwa wiki nyingi. Nanyi wazazi, msimcheke kijana mwenye chunusi. Fedha ya mkorogo inunue dagaa, nyumba nzima ile.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini ugali mtupu haufai?
2. Zebaki hudhuru nini mwilini?
3. Ni vyakula gani vya kijijini kwenu vinavyofaa ngozi?