Maumivu ya Chembe cha Moyo: Si Kila Mara ni Alsa



Vijijini kwetu, mtu akisema anaumwa na chembe cha moyo, jibu huwa tayari: "Hiyo ni alsa, nunua dawa." Wakati mwingine huwa ni kweli. Lakini mahali hapo hapo kuna kiungo kingine ambacho kikiugua ghafla kinaweza kuua mtu kwa siku chache, huku akiendelea kumeza vidonge vya dukani. Kiungo hicho ni kongosho.

KONGOSHO NI NINI?

Kongosho imelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Urefu wake ni kama sentimita 15. Ina kazi mbili. Kwanza, hutoa maji yenye vimeng'enya vya kusaga mafuta, nyama na ugali tunaokula. Pili, hutia insulini katika damu ili mwili utumie sukari. Insulini ikikosekana, mtu hupata kisukari.

INAUGUAJE?

Maji ya kongosho hupita katika mfereji mwembamba unaokutana na ule wa nyongo pale mlangoni mwa utumbo. Kijiwe cha nyongo kikiziba hapo, vimeng'enya huanza kazi kabla ya wakati, ndani ya kongosho yenyewe. Basi kiungo huvimba na kuanza kujila. Pombe nyingi nayo huleta uvimbe huo huo. Mara chache, hata minyoo mikubwa ya tumbo huingia katika mfereji na kuuziba.

Kwa hivyo tusiseme kila mgonjwa wa kongosho ni mlevi. Mama ambaye hajaonja busaa maishani anaweza kuugua kwa sababu ya vijiwe. Na yule anayekunywa chang'aa, mkimwaibisha atajificha nyumbani mpaka achelewe.

DALILI ZA HATARI

Mpelekeni mtu hospitali siku hiyo hiyo akiwa na:

- Maumivu makali juu ya kitovu, yanayopenya mpaka mgongoni na hayaishi.
- Kutapika kusikomleta nafuu.
- Tumbo kuvimba, homa, moyo kwenda mbio, au kuzimia.

Asipewe chang'aa ya "kutuliza", wala dawa za mitishamba, wala asingojee soko lipite.

HOSPITALINI WATAFANYA NINI?

Daktari hutafuta mambo matatu: maumivu ya namna hiyo, damu yenye kimeng'enya kiitwacho lipasi, au amilasi, mara tatu au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, na picha inayoonyesha uvimbe. Mawili yakipatikana, ugonjwa umejulikana. Picha ya altrasaundi hutumika pia kutafuta vijiwe.

Hakuna sindano moja ya kuponya kongosho. Mgonjwa hutundikiwa maji ya mishipani, hupewa dawa za maumivu na huangaliwa kwa karibu. Zamani alinyimwa chakula siku nyingi. Siku hizi huanza kula mapema akiweza. Wengi hupata nafuu kwa muda wa wiki moja hivi, lakini wachache huzidiwa na kuhitaji chumba cha wagonjwa mahututi. Kama chanzo ni vijiwe, kifuko cha nyongo huondolewa kwa upasuaji, la sivyo ugonjwa unaweza kurudi.

UKIWA WA POLEPOLE

Kuna kongosho inayoharibika kwa miaka. Mtu huumwa tena na tena, hukonda ingawa anakula, na choo chake huwa cha mafuta, chenye harufu kali. Huyu husaidiwa kwa kuacha pombe na sigara, vidonge vya vimeng'enya pamoja na chakula, na insulini akipata kisukari. Aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafla peke yake. Aende kwanza kwa daktari, maana anaweza kupata degedege.

Mtu mzima macho yakigeuka manjano bila maumivu, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na anakonda, apimwe haraka. Yaweza kuwa saratani ya kongosho, na upasuaji hufaa tu ikigunduliwa mapema. Na mtoto anayekojoa sana, ana kiu na anakonda, msimpe tu dawa ya malaria: apimwe sukari siku hiyo hiyo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Tengeni fedha kidogo za usafiri wa dharura, mbali na zile za mzunguko. Ugonjwa huu haungojei zamu.
2. Hakikisheni kila mwanachama amejiandikisha na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, na michango yake imelipwa.
3. Anayempeleka mgonjwa aandike maumivu yalianza lini, ametapika mara ngapi, na amemeza dawa gani. Vidonge alivyonunua vibebwe hata kama ni viwili vimebaki.

Alsa ina dawa, na kongosho pia ina matibabu. Lakini anayejua kuzitenganisha ni daktari aliyepima, si mwenye duka.